Jina la Watu Wawili

Katika chumba cha kushonea cha gereza la Kindu hatutumii mkasi, tunapasua kitambaa kwa mikono. Mwanafunzi mpya akiingia hushangaa, maana siku hizi mikasi ipo, miwili, imefungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Mimi nawakataza kuigusa. Unatoboa ukingo kwa jino, unashika huku na huku, unavuta, na kikwembe kinapasuka kikifuata uzi wake mpaka mwisho, na utepe unatoka umenyooka. Wanasema huyu mama ni mkaidi. Ni kweli. Nilijifunza kushona katika chumba kile kile wakati wa vita, siku ambazo mkasi ulihesabiwa kuwa silaha, na sioni kwa nini nibadilishe leo.

Nilikuwa mfungwa humo. Nasema mapema, mtu asije akadhani nilikuwa mlinzi.

Kabla ya gereza alikuwapo somo yangu. Kuna watu wanaolijua neno hili kwa maana ya darasani tu. Kwetu, mtu mwenye jina kama lako ni somo yako, na mkishajuana hamuitani tena kwa jina, mnaitana "somo" mpaka mmoja azikwe. Yeye alikuwa binti wa Waislamu wa mjini, mimi binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai na rozari yake shingoni. Mama yake alilitamka jina letu kwa Kiarabu, mama yangu kwa Kifaransa, lakini lilikuwa jina lile lile, na mtaani walilisema kwa namna moja. Tulikuwa na miaka kama tisa tulipokutana kwenye bomba la maji. Mtu aliita, tukageuka wote wawili, tukacheka mpaka ndoo yangu ikamwagika.

Ukazaliwa mchezo wetu. Mmoja akiitwa na akachelewa, mwingine anaitikia kwa niaba yake. Mama yake akimwita akaoshe masufuria, mimi naitika na kwenda kuosha. Baba yangu akiniita, anatokea yeye, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alikuwa anageuza uso ili tusimwone. Tuliolewa, hatukuacha. Wanawake wazima wenye waume, tunaitikiana ovyo sokoni na kwenye matanga. Watu walituona tumeharibika vichwa, na sisi tulifurahi kuonwa hivyo.

Vita vikaufunga mji. Treni haikuja tena. Huku tulikuwa na wanajeshi wa waasi, na kule ng'ambo ya mto walikuwa watu wa msituni, pamoja na ndugu zetu waliokimbilia kwao. Chumvi ikawa kitu cha kunong'onezwa. Ukikamatwa unavusha chumvi unaitwa mlishaji wa maadui, na hakuna aliyetaka kujua kama huyo adui ana miaka mitatu na anakula sombe, majani ya muhogo, bila ladha mwezi wa nne sasa. Somo yangu alikuwa anavusha. Kaka zake wote walikuwa ng'ambo. Aliweka chumvi na vidonge vya malaria ndani ya mbeleko, chini ya mtoto wake mchanga, akapanda mtumbwi kama mtu anayekwenda kuzika. Nilijua. Sikumsaidia hata mara moja, kwa sababu nilikuwa mwoga, na sitaki kujipamba kwa jambo hilo.

Asubuhi moja alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Somo, kuya unisaidie. Ule muchele ya Kibombo iko na mawe mingi sana."

Nikaenda. Tulikaa uani kwake, kila mmoja na ungo wake, yeye akiwa na mtoto kifuani. Tulikuwa hatujafika mbali. Wanajeshi watatu wakaingia bila hodi, mmoja ameshika kikaratasi. Akalisoma jina letu vibaya, kama mtu anayesoma jina la dawa, akauliza ni nani mwenye jina, "Nani njo huyu?"

Somo yangu alikuwa ameinamia mchele. Nilidhani hakusikia. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea kufanya tangu utotoni.

"Njo mimi!" nikaitika, tena kwa kicheko, nikainua na mkono.

Naomba nieleweke. Haukuwa ushujaa. Sikujitoa kwa ajili ya mtu. Niliitikia kama mtu anavyopiga chafya. Mwanajeshi aliponishika mkono ndipo nikaelewa, nikamgeukia somo yangu, nikamngoja. Alikuwa na muda wa kutosha. Angeweza kusema "hapana". Angeweza hata kusema "hii jina tuko nayo wawili", na huo ulikuwa ukweli mtupu usiomtaja yeyote. Akaokota jiwe kwenye ungo, akalitupa pembeni, akaokota jingine.

Chumba cha wanawake kilikuwa na watu kumi na mmoja, nami nikawa wa kumi na mbili. Waliniuliza maswali yao, nikanyamaza. Nilikuwa na hesabu yangu: mwenzangu ananyonyesha, siwezi kumleta mtoto mchanga alale juu ya saruji hii. Nikampa muda mpaka amwachishe ziwa. Nilikuwa na hakika atakuja. Wala sikuwa na hasira siku zile. Hasira ilikuja baadaye, ikapapenda kwangu, haijaondoka.

Aliyetufundisha kushona alikuwa mtawa mzee wa parokia, tulimwita Masere kama watawa wote wanavyoitwa kwetu. Wenzake walikuwa wamehamishwa, yeye alikataa. Siku moja alitokea mlangoni na gunia la vipande vya vikwembe alivyovizoa chini ya meza za mafundi cherehani sokoni, sindano kumi na mbili zimechomekwa kwenye sabuni, na uzi alioufumua kutoka kwenye magunia ya unga wa msaada. Alijifunza Kiswahili chake kwenye vitabu. "Somo la leo," alisema, "ni viraka." Nikaruka kutoka nilipokaa, nikatazama mlango. Wenzangu wakashangaa. Kila Jumanne na kila Alhamisi mama yule aliposema "somo" moyo wangu ulikimbilia mlangoni, na ilinichukua wiki nyingi kuufundisha ukae chini.

Tulipasua vipande kuwa tepe, tukaziunga tepe kuwa shuka, tukaweka sufi katikati na gunia chini, halafu tukashona tena juu yake ili sufi isihame. Masere alikuwa na utaratibu wake ambao nami naufuata. Kila mshono ni wa watu wawili. Mmoja anaanzia huku, mwingine kule, wanakutana katikati. Ukivuta uzi kwa nguvu na mwenzako akaulegeza, kitambaa kinajikunja na kila mtu anaona nyie wawili hamkusikilizana. "Fumua," alikuwa anasema, bila kukasirika. Mimi nilifumua kuliko nilivyoshona. Mama aliyekuwa upande wa pili wa mshono wangu alimwomba Mungu kwa sauti amwepushe na mimi.

Wageni wakija gerezani siku hizi hupenda kusema kwamba sindano inaponya moyo. Wanasema hivyo wakiwa wamesimama, wakipiga picha. Mimi moyo wangu haukupona. Nilichopata ni kwamba nikihesabu mishono sihesabu siku, na mikono iliyoshika sindano haimkabi mtu. Na kitu kingine, ambacho sikutegemea: nilianza kuona rangi. Nilijua kwamba kijani cha kikwembe kizee kinakaa vizuri na wekundu mpya, na kujua hivyo kulinifurahisha mle ndani, siwezi kukana.

Shuka la kwanza nililomaliza bila kuambiwa nifumue lilikuwa dogo, la mtoto. Nilimshonea mtoto wa somo yangu. Nilimpa Masere alipeleke, nikampa na maneno: mwambie niko, na ninamngoja. Sikueleza zaidi, naye hakuuliza. Alhamisi akarudi, uso umenawiri.

"Amefurahi sana," akasema. "Anakushukuru. Anasema Mungu ni mkubwa."

"Na nini tena?"

"Ni hilo tu."

Nilichomeka sindano kwenye ubao wa mlango, nikaikunja mpaka ikavunjika. Nusu moja ilipotea. Jioni hesabu haikutimia, walinzi wakatugeuza nguo sote kumi na wawili, wakafunga darasa kwa majuma mawili. Wenzangu hawakusema nami siku zote hizo, na walikuwa na haki. Nilikuwa nimeelewa sasa. Somo yangu alijua nilipo, alijua ni kwa ajili ya nani, na alikuwa amechagua. Nililia kwa hasira na si kwa huzuni. Tofauti yake unaijua ukishalia vyote viwili.

Nilikaa mle misimu miwili ya mvua. Hakuna hakimu aliyenisafisha. Wanajeshi wale waliondoka, wakaja wengine, mtu akafungua lango akasema nendeni kwenu. Kwa hiyo jina langu lilitoka kama lilivyoingia. Mume wangu alikuwa amekwenda Lubutu kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke. Shuleni nilipokuwa napikia watoto walinipokea kwa heshima zote, wakaniambia nafasi imejaa. Mashemeji walisema walijua tangu zamani kwamba nina siri. Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka somo yangu asimame mbele ya watu, hata wawili, aseme: aliyetafutwa ni mimi, huyu hakufanya kitu.

Nilimwendea, alikuwa amehamia ng'ambo. Alinikumbatia, akalia mpaka bega langu likalowa, akapika sombe na samaki, akanisimulia meno ya mtoto yalivyoota moja baada ya jingine. Nikala. Nikangoja mpaka sahani ikawa tupu. Hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu nilitaka lile neno litoke lenyewe. Nilikuwa na kiburi hicho. Nikashukuru chakula, nikavuka mto kurudi. Na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na zaidi, mji mmoja wenye mto katikati, tukikutana kwenye harusi na sokoni. "Somo!" "Somo!" Mtu asiyejua angetuonea wivu.

Masere alipozeeka kabisa parokia iliniomba nichukue nafasi yake. Nilikubali nikicheka peke yangu, kwamba narudi mle kwa miguu yangu. Sasa nafundisha wanaume pia. Mshonaji wangu bora ni mchimbaji wa madini kutoka Pangi, jitu lenye vidole kama mihogo, ambalo linatarizi maua madogo mpaka unatafuta mshono usiuone. Amefungwa kwa kumvunja mtu taya.

Mwaka huu parokia ilitaka shuka kubwa la kutundikwa ukumbini, la kukumbuka watu waliowasaidia wenzao wakati wa vita. Mtu anakuja na kipande cha kikwembe, anasimulia, na jina lake linatariziwa na wafungwa. Jumapili moja, baada ya misa, watu wa dini zote walijaa ukumbini. Mimi nilikuwa mbele, napokea vipande. Na somo yangu akaja, ameshikwa mkono na yule mtoto, ambaye sasa ni mama mwenye watoto.

Alisimulia vizuri. Sijui alijifunzia wapi. Mtumbwi, mbeleko, vidonge, jinsi mtoto alivyolia katikati ya mto na mwanajeshi akasema mnyonyeshe. Wanawake walitoa leso.

"Njo mimi nilikuwa navusha ile chumvi," akasema.

Ile ilikuwa nusu ya neno langu. Vita vilikuwa vimegeuka, kosa la jana limekuwa sifa ya leo, na kwa hiyo neno lilikuwa limetoka lenyewe kama nilivyotaka. Nikangoja nusu ya pili. Niliona kabisa midomo yake ikifunguka.

"Mungu alinificha," akasema. "Hawakunikamata hata siku moja."

Wakapiga makofi. Wakasimama. Kumbe huyo Mungu ni mimi, na hakuna aliyeniambia. Alipita kwenye mstari, akaniwekea kitambaa chake mikononi. "Somo, ushone muzuri," akasema, na akanibusu.

Jumanne nikampa mchimbaji kile kipande pamoja na jina. Alikuwa ameshafika nusu ya herufi pale mmoja wa wanawake alipochungulia, akapiga kelele.

"Mama, hii si jina yako? Njo wewe ulikuwa unavusha chumvi! Njo maana walikufunga!"

Chumba kizima kikalipuka. Walinipigia vigelegele, walinzi wakaja kuona kuna nini. Wale watu walijua nilifungwa wakati wa vita, wakaunganisha wenyewe, na muungo wao ulikuwa na akili kuliko ukweli. Niliwaacha. Kwa muda wa kama kumaliza kikombe cha chai niliwaacha, na nilipenda. Nilisimama pale nikiwa mtu aliyevusha chumvi. Ndipo nikaogopa, kwa sababu niliona jinsi ilivyo rahisi kuchukua cha mtu na kukaa nacho.

"Hapana," nikasema. "Ni mwingine. Tuna jina moja."

Nikaacha darasa kwa mlinzi, nikateremka mtoni, nikavuka. Somo yangu alikuwa barazani anamsuka mjukuu. Sikukaa.

"Somo, ile siku, kwa nini ulinyamaza?"

Miaka ishirini na zaidi, na kuuliza kulichukua pumzi moja. Nilitegemea machozi. Alimwambia mjukuu aende kwa mama yake, akafuta mafuta mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Unaniuliza kama vile sikufanya kitu," akasema. "Unazani nilikuita juu ya muchele?"

Sikuwa nimeelewa.

"Mutu mumoja alinipasha habari alfajiri. Akaniambia wanakuja, wako na jina kwenye karatasi, sura hawaijui. Kukimbia ningekimbia wapi na mutoto wa miezi mine? Nikafikiri, somo akiwa hapa ataitika. Sikuzote unaitikaka." Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nilipofika. "Wewe ulikuwa hauna mutoto. Nilipima, somo. Nikakuja kukuita."

Miaka yote ile nilikuwa nimemkasirikia kwa kunyamaza. Nilimtengenezea hata udhuru: hofu ilimkamata ulimi, ilikuwa ghafla, nani angejua angefanya nini. Nilikuwa nimeushona ule udhuru na kuufumua mara nyingi, na nusu ya upendo niliobaki nao kwake ulikaa humo. Sasa nilimwona anatoka kwake asubuhi ile, anatembea njia yote mpaka kwangu, anabisha hodi, anataja mawe ya mchele.

"Kulikuwa na wanawake wengine pale mtaani," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaichukia.

"Wengine hawangeitika," akasema. Na akaongeza, kwa upole wa kweli, ninamjua, hakuwa anadhihaki: "Ningemuita nani, somo, kama si wewe?"

Niliondoka bila kuaga. Aliniita nyuma, mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeshafungua kinywa kuitika kabla sijakizuia. Kwenye mtumbwi mpiga kasia akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi mchimbaji alinionyesha kile kipande. Alikuwa ameliacha jina nusu.

"Mama, nimalizie ama niache?"

Ningeweza kusema fumua. Nilifikiria, sitadanganya. Lakini chumvi ilifika ng'ambo, watoto wa kaka zake waliila, na aliyeivusha ni yeye.

"Malizia," nikasema. "Ila mwisho wake uuandike kwa Kiarabu, kama mama yake alivyokuwa analiita. Usiliandike kama la kwetu."

Akalimaliza, na ni kazi nzuri. Limetundikwa ukumbini, mstari wa pili kutoka juu, na mtu yeyote anaweza kwenda kuliona.

Wiki ile alikuwa ameletwa mfungwa mpya, msichana mdogo wa soko, bado anakaa karibu na mlango. Wote wakifika huniuliza swali moja, naye aliniuliza tulipokuwa tunatia uzi kwenye sindano: mama, wewe ulifanya nini mpaka wakakuleta hapa? Miaka yote nilikuwa nikiwajibu kwamba ilikuwa makosa, walinichukua kwa makosa. Nilianza kulisema jibu hilo na safari hii likakataa kutoka.

"Nilialikwa," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namtania.